Unasikia?

Machi 3

Mwalimu, mwenzangu wa kitanda cha jirani, aliyeumia mgongo kama mimi, amemtuma mkewe aninunulie daftari hili. Anasema niandike yote ninayotaka kusema ili yeye apate kulala. Nimemwambia daftari moja halitoshi, walete lori.

Basi wewe utakayesoma, jua uko na nani. Mimi ni fundi wa lifti. Shule niliacha kabla haijaniacha, lakini nimefunga lifti katika miji ambayo wengine wanaiona kwenye kalenda tu. Nimepandisha mabosi na nimepandisha wezi, na mara nyingine alikuwa mtu mmoja. Nimekaa kwenye nchi ambayo sikujua hata neno la kuombea chumvi, na nilinenepa. Halafu nikarudi nyumbani, na mjinga mmoja akaondoa kizuizi kwenye mlango wa shimo la lifti akaenda kunywa chai. Nikaingia humo nikitembea, nikatolewa nimebebwa. Uti wa mgongo umeumia. Kuanzia kitovuni kushuka chini mimi ni mgeni kwenye mwili wangu mwenyewe.

Mwalimu bado hajalala. Anauliza kama kalamu ni lazima ikwaruze hivyo.

Machi 5

Mvua imeanza. Wodi yetu imeezekwa bati tupu, bila dari. Mhandisi aliyefanya hivyo ningempata ningemlaza hapa usiku mmoja tu, chini ya ngoma hii.

Machi 8

Leo amekuja daktari wa utafiti. Binti mdogo, miwani mikubwa, barakoa imemfunika mpaka machoni, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nimempa jina la Daktari Mdogo. Amesema wanatafuta watu walioumia uti wa mgongo miezi ya karibuni, wawajaribishie matibabu ya seli shina.

Nikamwambia mimi seli ninazijua, nimelala katika seli za nchi mbili, zote kwa kuonewa. Hakucheka. Mwalimu alicheka kwa niaba yake.

Akaeleza. Wanakuchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wanavuta uboho. Humo ndani kuna hizo seli shina. Wanazikuza maabara wiki kadhaa, halafu wanakurudishia kwa sindano ya mgongoni, karibu na pale palipoumia. Nikauliza zinafanya nini zikifika. Akafikiri. Akasema seli shina ni kama kibarua aliyefika kazini asubuhi, bado hajapangiwa kazi. Anaweza kuwa mwashi, anaweza kuwa fundi rangi. Wanatumaini akifika penye jeraha atatuliza uvimbe, atasaidia waya zilizobaki zishike.

Hapo nikamwelewa moja kwa moja. Chumba cha mitambo kiko juu, mota iko sawa, lifti yenyewe iko sawa, waya wa katikati ndio umekatika. Mimi kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Nikamwuliza, basi inafanya kazi?

"Hatujui," akasema. "Ndiyo maana tunapima."

Nikamwambia Mwalimu baadaye: umeona wapi fundi anakuja mlangoni na kusema hajui? Mimi hata nisipojua nasema najua, halafu naenda kujua nikiwa juu ya ngazi.

Machi 9

Mke wangu amekuja. Nimempa habari ya seli shina, na huenda nikaongeza chumvi kidogo. Nikamwambia kufikia mwisho wa mvua nitakuja kumfungulia mlango mwenyewe. Akasema sawa. Kisha akauliza kama nimegeuzwa leo, maana ngozi ya kiunoni inaanza kuwa nyekundu. Mwanamke huyu ukimwambia umeshinda bahati nasibu atakuuliza kama umekunywa maji.

Machi 11

Siku ya vipimo. Walianza na Mwalimu asubuhi, mimi nikafuata mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai kitu. Nikalazwa, shuka ikanyooshwa kifuani nisione miguu, na Daktari Mdogo akasimama huko chini na kipini chake chenye ncha. Alikuwa ameninong'oneza maelekezo nyuma ya barakoa yake, nikashika nusu. Kisha, kila baada ya muda, namwona anainua kichwa na kupaza sauti:

"Unasikia?"

"Nasikia!"

Mvua ikizidi naye anazidi. "Unasikia?" Na mimi kwa kifua chote, "Nasikia, daktari, endelea!" Nimejibu kila swali. Nimetoka pale nimejaa kifua. Mwalimu kaniuliza nimefanyaje, nimemwambia mtihani huo hata mimi ningeweza kuutunga.

Machi 12

Nimekataliwa.

Naandika kwa nguvu mpaka kalamu inatoboa. Nimekataliwa! Mwalimu kachukuliwa, mimi nimeachwa. Daktari Mdogo amekuja na sauti yake ya kubembeleza akasema utafiti huu ni kwa wasiosikia chochote chini ya jeraha, na mimi nasikia. Nikamwambia mimi sisikii kitu. Akasema jana nilisema nasikia, miguu yote miwili, hadi vidole.

"Nilikuwa nakusikia wewe," nikamwambia. "Ulikuwa unaniuliza kama nasikia, mvua inapiga, nikadhani unaniuliza kama sauti yako inanifikia."

Nikamwona anaelewa. Nikamwambia basi chukua kipini chako, rudia sasa hivi, mvua hakuna. Akasema hawezi. Eti mtu akishajua jibu linalotakiwa, jibu lake halina thamani tena. Hiyo ndiyo sheria.

Kwa hiyo nimekosa miguu kwa sababu nina adabu. Nimeulizwa nimejibu. Mtu wa lugha gani hii aliyechukua neno moja akalibebesha kazi mbili, kusikia kwa sikio na kusikia kwa ngozi, halafu akaondoka zake? Nimezunguka dunia, nimejua kuomba chai kwa lugha saba, nikaja kuangushwa na neno la mama yangu.

Nimemtukana Daktari Mdogo. Nimemwita mtoto, nimemwambia akajifunze kuongea kwanza ndipo ajifunze kutibu. Mwalimu ameniambia nimevuka mpaka. Nimemwambia wewe ulale, umefaulu.

Machi 13

Sili. Wasinibembeleze.

Machi 14

Nimekula. Njaa haikutaka mjadala.

Machi 16

Amekuja Mkuu mwenyewe, bosi wa utafiti wote. Huyu sasa ndiye mtu. Mrefu, viatu vinang'aa ungeweza kunyolea ndevu, na anaujua utani. Akanipiga begani akasema amesikia habari ya fundi aliyesikia mno. Nikacheka mpaka machozi. Akaniambia nisijali, kundi la kwanza likionyesha matokeo mazuri litafunguliwa la pili, na atahakikisha napimwa upya na mtu mwingine. "Wewe ndiye wa kwanza, Fundi. Mkono wangu huu." Akanipa mkono.

Kuna watu wana mwanga. Daktari Mdogo alisimama nyuma yake akiangalia viatu vyake mwenyewe, ambavyo havikung'aa.

Machi 22

Mwalimu kachomwa nyonga, wamevuta uboho. Anasema haikuuma. Nikamwambia ingekuumaje, huko chini tunalipa kodi tu, hatukai. Tulicheka sana. Sista akaja kutunyamazisha, naye akacheka. Huyu Sista ndiye anayetuogesha na kutugeuza, mwanamke mnene mwenye mikono laini. Kila beseni la maji anatia kiwiko chake kwanza kabla hajatia mguu wa mtu. Namwambia siku moja atayanywa kabisa.

Machi 30

Mvua, mvua, mvua. Ngozi ya kiunoni imefunguka kidogo. Nimelazwa kifudifudi. Naandikia juu ya mto wa kulalia.

Aprili 6

Leo nimegombana na mke wangu mpaka wodi nzima ikageuka.

Amemleta fundi mwashi nyumbani kwangu. Wamebomoa mlango wa mbele, wameupanua upitishe kiti cha magurudumu. Wamevunja ngazi mbili za mbele nilizozijenga kwa mikono yangu, wamemwaga zege la mteremko. Ananihadithia hivyo hivyo, kama anayesimulia bei ya sabuni. Na mlango wa choo nao.

Nikamwuliza, kwa nini usiende tu ukanichimbie kaburi kabisa? Mimi nangoja kundi la pili, yeye ananiwekea mteremko. Nikamwambia ameshanizika na anatandika majani juu. Yeye akaendelea kunikunjia nguo. Alipomaliza akasema:

"Napanua mlango ili urudi, baba. Ukirudi unatembea, mlango mpana haukuzuii."

Nikamwambia atoke. Akatoka. Mwalimu akageukia ukutani, na mkewe, aliyekuwa anammenyea chungwa, akaendelea kulimenya chungwa ambalo lilikwishamenywa zamani.

Ngazi zangu zile. Nilizipiga rula mwenyewe.

Aprili 15

Mwalimu amechomwa seli zake mgongoni. Amerudi na homa kidogo na kichwa kinamgonga. Usiku mzima aliniita: Fundi, uko macho? Fundi, unadhani zimeshafika? Nikamwambia zimefika, zinatafuta bosi wa kuzipangia kazi.

Aprili 18

Mwalimu anasema miguu ina kitu kama wadudu wanaotembea. Daktari Mdogo akasema hisia kama hizo zinaweza kuja hata bila matibabu, tusikimbilie. Mkuu akasema vizuri sana.

Mnajua niko upande wa nani.

Aprili 26

Hakuna la kuandika. Mke wangu hajaja wiki hii. Amemtuma dada yangu, ambaye alikaa muda wote akiniambia jinsi mke wangu alivyo mwema. Nikamwuliza amelipwa nini.

Mei 8

Siku kubwa. Nitaandika yote.

Walikuja wageni, watu wa tai, na mmoja na kamera. Mkuu alishika kipini mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha lakini ya kistaarabu. Mke wa Mwalimu alisimama kichwani pa mumewe, kamshika bega. Shuka ikanyooshwa. Wodi yote kimya, hata yule mzee wa mwisho aliyezoea kukohoa alikimeza kikohozi.

"Unasikia, Mwalimu?"

Mwalimu akafumba macho. Akakaa. "Nasikia," akasema.

Mkewe akatoa sauti ambayo sijui niiandikeje. Mkuu akahamia mguu wa pili. "Na hapa, unasikia?" "Nasikia." Watu wa tai wakapiga makofi. Mimi nililia, sifichi, nililia kwa sauti. Nilimlilia Mwalimu, na nilijililia mimi, maana niliona mlango wa kundi la pili umefunguka, na mimi namba moja mlangoni. Mkuu alinitazama kutoka kule akaninyooshea kidole: wewe unafuata.

Daktari Mdogo hakupiga makofi. Nikasema moyoni, wivu huo.

Mei 9

Mwalimu kapendwa na kila mtu. Kaletewa matunda hadi mezani hakuna nafasi ya kuweka miwani. Mkewe amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kama mtu aliyetua mzigo wa miezi. Nimemtania Mwalimu kwamba akianza kutembea asinipite bila salamu. Akacheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Mei 14

Sina hakika nitaweza kuandika hili.

Asubuhi Sista alileta beseni la kumwoshea Mwalimu miguu. Alikuwa na furaha, kama sote wiki hii. Hakutia kiwiko. Akasema tu, "Ukisikia moto utaniambia, Mwalimu, siku hizi si unasikia?" Akaiingiza miguu, akaenda kufuata taulo. Mwalimu alikuwa ananieleza jambo, jinsi wanafunzi wake wanavyoogopa hesabu za sehemu, eti ukimpa mtoto robo ya chungwa anaelewa, ukimwandikia robo ubaoni anazimia. Anacheka, anaonyesha kwa mikono. Mimi nacheka.

Sista akarudi, akainua mguu wa kushoto. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi. Malengelenge yalikuwa yanapanda mbele ya macho yetu, na ngozi ya kisigino ikabaki kwenye taulo.

Hakuna aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo inayonitoa akili. Nimeona watu wakiungua kazini, nimemshika mwenzangu aliyeshika waya wenye moto, najua sauti ya mtu anayeungua. Sijawahi kuona mguu ukiungua huku mwenyewe anaeleza sehemu.

Kisha Sista ndiye aliyepiga kelele.

Mei 15

Mkuu amekuja na sura nyingine. Kosa ni la Sista, amesema, uzembe, anasimamishwa kazi, atafukuzwa. Habari ya beseni isizungumzwe na wageni. Kisha akageuka kwangu na mwanga wake ule ule: Jumatatu wiki ijayo tunaanza kuchukua uboho wa kundi la pili, Fundi, kula vizuri.

Sista alipita kuchukua viatu vyake vya ndani chini ya meza. Hakutuangalia. Na mimi, mdomo huu unaojulikana miji yote, sikusema kitu.

Mei 15, jioni

Nimemwuliza Mwalimu. Nilisubiri mkewe aende kununua dawa ya kupaka. Nikasogeza kiti changu cha magurudumu mpaka kitandani kwake.

"Siku ile ya wageni," nikasema, "ulisikia nini?"

Akageuza macho kwenye bati.

"Nilisikia swali," akasema.

Akaniambia hakusema uongo. Alimsikia Mkuu, alimsikia mkewe anavyopumua juu yake, akataka kusikia na huko chini pia, akataka kwa nguvu zote, na neno likatoka. Mpaka sasa hajui lilitoka wapi. Amefundisha lugha na hesabu miaka yote hiyo, na hajui alijibu swali lipi kati ya mawili.

Kisha akanishika mkono akaniomba nisiseme. Mke wake amepata usingizi wiki hii. Na mimi Jumatatu naingia kundi la pili, sivyo? Alinikumbusha hilo yeye mwenyewe. Aliniwekea miguu yangu mezani ili nimwachie ya kwake.

Mei 17

Nina hasira na kila mtu. Na yule aliyekwenda kunywa chai akaacha shimo wazi. Na Mkuu na viatu vyake. Na Mwalimu, kwa nini amenipa kitu hiki nikibebe? Na Sista, kwa nini hakutia kiwiko? Na hizi seli shina zenyewe: fanyeni kazi au msifanye, lakini semeni.

Mke wangu amekuja. Sikuwa nimemwomba msamaha na hakuudai. Nimemweleza yote, nikatukana, nikazunguka, nikasema nikifungua mdomo utafiti unakwama na mimi nakwama nao, nisipoufungua Sista anakwenda nyumbani na hao wengine wa kundi la pili wataungua mmoja mmoja na sura za furaha. Nikangoja aniambie la kufanya, ili nimkasirikie.

Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Na wewe watakapokuuliza kama unasikia, utajibu nini?"

Nimemkasirikia hata hivyo. Kwa sababu najua ningejibu nini. Ningejibu nasikia hadi kuta zipasuke.

Mei 18

Nimemwita Daktari Mdogo nikamwambia.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo hawaruhusiwi. Akavua barakoa. Kumbe ana sura ya mtu asiyelala. Akasema kipimo hakiulizwi hivyo. Mgonjwa anafumba macho, anayepima hafungui mdomo, anagusa mahali popote wakati wowote, na mgonjwa ndiye anayesema "hapo" akiguswa. Hata mimi mwezi wa tatu hakunipima sawasawa. Alizidiwa na mvua, akaanza kuuliza, na ameliweka kosa hilo kichwani tangu siku ile. Mkuu alipouliza mbele ya wageni, yeye alijua kipimo kimeharibika.

"Ulijua ukanyamaza?" nikamwambia. Nilipandisha sauti, nikamwambia yote niliyokuwa nimewawekea wengine. Kwamba mguu wa mtu umeiva kama kitoweo yeye akiwa anajua. Hakujitetea. Aliposimama macho yalikuwa mekundu, akasema atamleta mtaalamu kutoka hospitali nyingine, ashuhudie, na Mwalimu akikubali watampima kimya kimya.

Nikamwambia na kundi la pili?

"Sidhani kama litakuwepo," akasema.

Niliomba asipate mtaalamu. Naandika ukweli, niliomba hivyo.

Mei 19

Leo uboho wa kundi la pili haukuchukuliwa, wameahirisha. Mwalimu amejua nimesema. Amemwomba mkewe avute pazia kati yetu. Hilo pazia tangu nifike hapa halijawahi kuvutwa. Lina matobo.

Mei 21

Mwalimu amekubali kupimwa. Alimjibu Daktari Mdogo kwa sauti ya darasani, kwamba mtoto akikosea mtihani hufichi karatasi, unaisahihisha. Hakuwa anazungumza na mimi lakini alisema kwa sauti ya kunifikia.

Mtaalamu aliyekuja ni mwanamke wa makamo, mfupi, hana maneno. Mvua imekatika tangu jana na wodi ilikuwa kimya kiasi cha kusikia kipini kikiwekwa kwenye sinia. Kupitia matobo ya pazia nilimwona Mwalimu kafumba macho. Mkewe aliambiwa asimshike.

Wakaanza begani. "Hapo," akasema Mwalimu. Kifuani, "Hapo." Chini ya mbavu, "Hapo." Kitovuni akachelewa, "Hapo."

Kisha mkono wa yule mwanamke ukashuka. Paja. Goti. Akagusa, akangoja. Akagusa, akangoja. Shingo ya Mwalimu ilikuwa imekaza mishipa, anasikiliza. Anasikiliza mwili wake kama mtu aliyeweka sikio mlangoni. Nilitaka kumpigia kelele, sema, sema, amegusa. Nilijiuma mkono. Unyayo. Kidole gumba. Kile kisigino kilichofungwa bendeji hawakukigusa.

Mtaalamu akaweka kipini. Mwalimu akafumbua macho akauliza kama wameanza miguu.

Mkewe akatoka nje.

Mei 24

Utafiti umesimamishwa. Hakuna kundi la pili. Sista amerudi kazini, na hasemi na mtu. Mkuu amepita wodini mara moja, hakutazama upande wetu, na wala sikumwita. Ule mkono alionipa, nimeunawa.

Nina hasira ambayo haina pa kukaa. Nimesema kweli na kweli imenila mimi wa kwanza.

Mei 27

Daktari Mdogo kaja kuniaga, amehamishiwa wagonjwa wa nje. Nikamwuliza basi hizo seli ni uongo? Akasema hapana. Mwalimu mmoja na wiki chache hazisemi kwamba zinafanya kazi wala kwamba hazifanyi. Kuna wengine huko kwingine wanapima, taratibu, na siku moja itajulikana.

"Hatujashindwa, Fundi. Hatukupima."

Nikamwambia mwezi wa tatu aliponiambia hajui nilimdharau. Nikampa chungwa.

Mei 31

Mke wangu amekuja na picha kwenye simu. Mlango mpana, mteremko mzuri, mwashi amekwangua zege lisiteleze. Nikatafuta kasoro. Nikamwambia kona ya chini ni kali, gurudumu litagonga. Akasema ataniachia niirekebishe mwenyewe. Nikamwambia hiyo ndiyo lugha. Ijumaa naenda nyumbani.

Juni 4

Mwalimu hajasema na mimi tangu pazia livutwe. Mimi nimesema naye, bila shaka. Nimelihutubia pazia siku zote hizi, nimelipa habari za dunia. Halikujibu.

Juni 6

Naenda nyumbani leo. Nguo zimefungwa. Mke wangu yuko ofisini na karatasi za kuondokea.

Jua limetoka kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikitazama bati linavyofuka mvuke, ndipo pazia likavutwa kutoka upande wa pili. Mwalimu, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Akasema amechoka kusikia habari za dunia kupitia matobo.

Nikakaa kimya. Mara ya kwanza maishani, Mwalimu atalisimulia hilo.

Akasema mke wake halali tena, lakini anakula. Akasema alinichukia sana, na bado kidogo. Nikamwambia na mimi bado namchukia kidogo, tuko sawa. Kisha akasema tangu achomwe seli hao watu wamempima mara mbili, na kila mara kulikuwa na umati. Hakuwahi kupimwa na mtu ambaye hataki kitu. Akauliza kama nina kalamu hii hapa.

Nikasogeza kiti. Nikamfunua shuka mpaka kwenye magoti. Kisigino kinapona vizuri, Sista anakiosha kwa mkono wake na hamwachii mtu mwingine. Mwalimu akafumba macho. Nikageuza kalamu, upande usio na wino.

"Usiniulize," akasema.

"Siulizi."

Tukakaa. Huko nje mtu alikuwa anafagia maji yaliyotuama. Nilimtazama usoni: ameng'ang'ania, kidevu juu, anasikiliza.

"Hapo," akasema.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu, juu ya paja langu. Sikuwa nimemgusa. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumshushia kalamu upesi mguuni na asingejua.

"Bado sijagusa, ndugu yangu," nikamwambia.

Akabaki na macho yamefumbwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile cha zamani, cha kutuletea Sista mlangoni.

"Basi gusa," akasema.